Mwulize Fundi Kabla ya Kulipa

Shikeni madaftari. Leo twasoma habari za gereji.

Tuseme umeuza alizeti, nawe warudi Nduguti kwa pikipiki. Njiani inapungua nguvu. Fundi aitazama kidogo, asema, "Badili kabureta, plagi na mnyororo." Usitoe fedha upesi! Mnyororo mpya hautibu injini iliyokosa pumzi. Mwombe kwanza afungue chujio la hewa. Huku kwetu vumbi ni jingi, nalo huziba chujio. Chujio la sponji huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo, likarudishwa. Kazi ni hiyo tu.

Fundi akisema kifaa kimekufa, mwulize:

1. Kimeharibika wapi? Nionyeshe.
2. Nisipokibadili leo, kutatokea nini?
3. Bei ya kifaa na ya kazi ni kiasi gani?

Andika majibu. Kifaa cha zamani ondoka nacho.

Lakini breki zikilika, badili mara moja. Kukataa hapo ni kuchezea roho.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mfanyabiashara kumdanganya mnunuzi. Basi kuuliza si ugomvi. Ni haki yako.

Zoezi: Soma maswali matatu kwa sauti, kisha yaandike. Kwaherini.