Ngoma za Kukesha: Kutoka Pundanhar hadi Chicago

Atakaye kujua kama mahali pana amani asiulize mchana. Na asubiri jua lichwe, kisha asikilize. Wenye hofu hawapigi ngoma usiku.

Pundanhar ni kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, kwenye njia iendayo Nangade, kusini ya mto Ruvuma. Nilikifahamu nilipokuwa kijana, nikifuatana na mjomba wangu aliyeuza vitenge na betri. Ngoma kubwa iliyotukesha ilikuwa mapiko, ngoma ya Wamakonde ifuatanayo na jando. Mchezaji huvaa barakoa ya mti, na mwili wake hufunikwa kwa nguo asitambulike. Wapigaji huzipasha moto ngozi za ngoma ili zilie vizuri.

Kisha likaja disko. Jenereta moja, spika mbili kubwa, na muziki wa hausi kutoka Afrika Kusini. Uwanja ulizungushiwa makuti na kiingilio kikatozwa. Wazee walinung'unika kwamba vijana wamepotea. Hata hivyo, nilimwona bibi mmoja amesimama nje ya makuti, mabega yakimcheza. Nilipomwamkia aliniambia, "Marahaba, mjukuu wangu. Hii ni ngoma ile ile, ila mpigaji wake hachoki."

Bibi yule aliona mbali. Hausi ilizaliwa Chicago, Marekani. Mwaka 1977 ulifunguliwa huko ukumbi uitwao Warehouse, ambamo Frankie Knuckles alikuwa mpiga santuri. Yasemekana kwamba muziki ulipata jina lake kutokana na ukumbi huo. Wengi waliojaa humo walikuwa watu weusi, na wengi walikuwa watu ambao kumbi nyingine hazikuwataka. Baadaye mafundi wakatumia mashine za kupiga ngoma, mapigo manne yaliyo sawa, yapatayo 120 kwa dakika, yakiendelea mpaka alfajiri.

Muziki huo ulipofika Uingereza, kuanzia 1988 vijana kwa maelfu walikesha maghalani na mashambani. Mwezi Mei 1992 watu wapatao 20,000 walikusanyika Castlemorton kwa siku kadhaa. Mwaka 1994 Bunge lilitunga sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuwatawanya watu 100 au zaidi wanaokesha nje kwa muziki wa mapigo yanayojirudia. Vijana hawakuacha kucheza. Wengi walihamia kumbi zenye leseni.

Kwetu Afrika Mashariki nako yamekuwapo hayo. Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, mchiriku ulizaa singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Wengi waliiita kelele za wahuni. Lakini mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, na vijana wale wale wakaalikwa kupiga muziki Ulaya.

Mwaka huo huo, tarehe 5 Oktoba, vita vilianza Mocímboa da Praia. Baadaye moto ulienea katika vijiji vya wilaya ya Palma, Pundanhar kikiwemo, na tarehe 24 Machi 2021 mji wenyewe wa Palma ulishambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado waliyahama makazi yao. Usiku ukawa wa kujificha porini, moto umezimwa na watoto wamezibwa vinywa. Ngoma iliyokuwa ikiwaita jirani ingeweza kumwita adui.

Ndiyo maana naandika haya kwa askari na jamaa zao. Mahali palipopita vita, watu wanapoomba kucheza tena usiku wanampima mlinzi wao. Akiwafukuza kwa fimbo bila sababu, watamwogopa, na mtu anayemwogopa askari hampi habari. Ni vyema mwenyekiti wa kijiji amweleze mapema mkuu wa kituo mahali pa ngoma, wenye dhamana na saa ya kumaliza. Ikiwa hali hairuhusu, askari awaeleze watu kwa heshima, na ngoma ichezwe mchana.

Nanyi wazazi mna wajibu. Wekeni mtu mzima mlangoni, mabinti warudi kwa makundi, na maji ya kunywa yawepo. Msiwaache watoto mbele ya spika usiku kucha, kwani chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Mlinzi atakayesimama kando ya uwanja mpaka kumekucha, watu wakicheza bila kugeuka nyuma, atakuwa ametimiza kazi yake.