Luku ya Pikseli Moja

Msee akiingia kejani kwangu apate lapi imewaka, swali huwa moja: "Buda, hii kitu imezima ama?" Ju haoni kitu. Aikoni hakuna, ile paneli ya chini hakuna, ni kijivu tupu. Nabonyeza panya kulia, menyu inatokea palepale mshale ulipo. Anashtuka.

Hiyo ni Openbox, programu ya Linux. Job yake ni madirisha tu: kuyachorea fremu, kuyasongesha, kuyafunga. Picha ya nyuma haihusiki nayo, unaitia feh. Ukidai paneli unaleta tint2. Saa na hesabu ya RAM, mwulize Conky. Ni ka kuhamia bedsita: landlord amekupea kuta nne na soketi, godoro ni shida yako.

Enyewe mi niliingia hii form ju ya msoto, si ati nilikuwa na jicho la sanaa. Lapi ya mtumba, RAM 2GB, feni ikilia ka nganya ikipanda mlima. Nilitafuta kitu nyepesi, nikabaki ju ya luku.

Na hiyo luku iko na ukoo. 1997 kulikuwa na Blackbox ya Brad Hughes. 2001 Fluxbox ikachomoka hapo. Openbox pia ilianzia kwa hiyo Blackbox, alafu ikaandikwa upya kwa C. Lakini msee aliniuzia kijivu ni Philip Newborough wa Uingereza, na CrunchBang, distro yake ya Linux: Debian chini, Openbox juu, nyeusi na kijivu kila kona, Conky kando ikikukumbusha vibonyezo vya kibodi. Februari 2015 akasema imetosha. Mbogi ikakataa matanga, wakaanzisha BunsenLabs.

Themu yenyewe ya Openbox ni faili ya maandishi, themerc. Unaandika border.width: 1, fremu inakonda hadi pikseli moja. Unaandika Flat Solid, ule mng'aro wa kizamani kwa kichwa cha dirisha unaisha. Vidude vya kufunga ni XBM, picha ya biti moja: doti iko ama haiko, hakuna nusu. Nishawahi kesha hadi saa tisa nikichora X ya pikseli 7 kwa 7. Saba, ju ukienda nane X inafura tumbo.

Nilimwonyesha beshte yangu, anachoranga graffiti za mathree. Alicheka mbaya. Alafu akanyamaza, akauliza, "Na hii ni kijivu gani?" Ye ndiye wa kwanza kuuliza hivyo. Ju kijivu hazifanani, manze. Kuna yenye ubluu ndani, kuna ya matope. Ukikosea, maandishi yanazama.

Kuna walokole wa dwm pia, programu ingine ya kupanga madirisha. Kubadilisha rangi tu unafungua config.h, unakompaili programu mzima upya, na wenyewe hawafichi ati huo ugumu unawasaidia kupunguza wageni. Hiyo madharau mi sitaki.

Juzi beshte akatokea na lapi yake. Anataka Openbox, lakini hataki umaskini wangu. Tukaandika border.width: 12, waridi ya kuwaka, kichwa cha dirisha kijani. Inaumiza macho hadi sa hii. Na menyu bado inafunguka chap ka yangu.