Anapokuita malkia, uliza risiti

RUGERERO, Rubavu – Mwanamke anayevuka alfajiri kwenda Goma na kapu la nyanya hahitaji kuelezwa dharau ni nini. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 kuhusu biashara ndogo katika Maziwa Makuu ilieleza kwamba wengi wa wanaovuka mipaka hii ni wanawake, na kwamba wengi wao hutozwa fedha zisizo halali na kusumbuliwa kingono. Filamu tatu zinaonyesha dharau hiyo inavyoanza.

Ya kwanza ni Notre-Dame du Nil ya Atiq Rahimi, iliyopigwa Rwanda kutokana na riwaya ya Mnyarwanda Scholastique Mukasonga. Ni mwaka 1973, katika shule ya bweni ya wasichana. Mzungu mwenye shamba anamsifu mwanafunzi Veronica kwa uzuri wake, anamvisha kama malkia wa kale na kumchora. Hamuulizi yeye ni nani. Kwake, Watutsi ni watu waliotoka mbali, kwenye Mto Nile. Nadharia hiyohiyo ya wakoloni ndiyo waliyoishika waliowaita Watutsi wageni na kuwaua.

Ya pili ni La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966). Diouana anatolewa Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akitarajia kulea watoto. Anaishia kupika na kufua. Mgeni mezani anambusu bila ruhusa, kana kwamba anaonja chakula kigeni. Anayemnyanyasa zaidi ni mwanamke mwenzake, mama mwenye nyumba. Mzazi ambaye binti yake anatafutiwa kazi za ndani Uarabuni aitazame kabla ya siku ya safari.

Wanawake hao wawili hawana fedha zao wenyewe. Félicité ya Alain Gomis (2017) inaonyesha mwenye nazo chache. Ni mwimbaji wa baa mjini Kinshasa. Mwanawe amepata ajali ya pikipiki, naye anazunguka jiji kudai madeni ili alipie upasuaji. Anadharauliwa, lakini haachi kudai. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukopesha atamtambua.

Katika filamu mbili za kwanza, sifa na ahadi zilitangulia, madai yalifuata. Mpakani mambo huenda vivyo hivyo. Mwanamume akianza kukusifu kabla hajaangalia mzigo wako, muulize ushuru ni kiasi gani, na risiti iko wapi. Na vukeni wawili au watatu, ili mmoja akisumbuliwa, mwingine awe shahidi.