Unataka cheo mwaka huu? Wahi bajeti kwanza

Januari wengi wanaandika kwenye simu, "mwaka huu niwe kiongozi", halafu kimya. Bosi hajui, na hela ya kozi haipo.

Kwa mtumishi wa serikali Tanzania, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bajeti yake inaandaliwa miezi hii ya mwanzo, kisha Bunge linaijadili Aprili hadi Juni. Ukisubiri Juni ndiyo uombe mafunzo ya uongozi, umeshachelewa.

Na lengo lenyewe liwe la kupimika. "Niwe kiongozi bora" utajuaje umelifikia? Afadhali hili: "Hadi Machi 31 niwe nimeongoza vikao vitatu vya idara, na msimamizi wangu anipe maoni." Mpelekee wiki hii, pamoja na ombi la kozi kwa maandishi.