Unyevu katika Chumba cha Kulala: Pima Maji Kwanza

Hapa Likasi wakati wa mvua kuta za nyumba nyingi hulowa. Nguo katika sanduku hunuka uvundo, na madoa meusi huonekana ukutani nyuma ya kitanda. Madoa hayo ni kuvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba wanaokaa katika nyumba zenye unyevu na kuvu huugua zaidi kikohozi na pumu.

Wengine huuliza: “Je, ninunue mashine ya kukausha hewa? Ya ukubwa gani?” Watu wengi hupima chumba tu. Lakini yafaa kwanza kupima maji yanayoingia.

Fikiri chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Hewa yake yote, hata ikijaa mvuke kabisa katika joto la digrii 25, haibebi lita 1 ya maji. Mbona basi chumba hakikauki? Kwa sababu maji mengine huja kila siku. Watu wawili wakilala saa 8, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya nusu lita. Nguo mbichi zikitundikwa ndani huongeza lita nzima au zaidi. Na ukuta unaonyonya maji ya ardhini hauna mwisho.

Utajuaje maji yatoka wapi? Fanya hivi. Kata kipande cha plastiki, ukibandike ukutani, na kuziba kingo zote nne. Ngoja siku mbili. Plastiki ikilowa upande wa chumbani, unyevu umo hewani. Ikilowa upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta.

Kama maji yamo ukutani, tengeneza bati linalovuja. Chimba mfereji upeleke maji ya mvua mbali na msingi. Ondoa udongo uliorundikana ukutani. Mashine haitamaliza kazi hiyo, kama vile mtu hawezi kukausha mtungi huku mwingine akiujaza.

Kama unyevu umo hewani, funguo mbili hutosha mara nyingi. Kausha nguo nje, tena fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite. Kuanzia mwezi wa tano hata wa tisa hewa ya nje ni kavu. Wakati huo upepo hukausha bure.

Ikiwa bado wahitaji mashine, soma lita zilizoandikwa juu yake. Hizo ni lita za siku nzima, zilizopimwa mahali penye joto na unyevu mwingi. Chumba kikiwa baridi, hutoa pungufu sana. Kwa chumba kimoja chenye unyevu wa kadiri, ya lita 10 au 12 yafaa. Kwa chumba kikubwa kilicholowa, au chumba kilicho chini ya ardhi, tafuta ya lita 20 au zaidi. Ikifanya kazi, funga mlango na madirisha, la sivyo itakausha hewa ya mtaa mzima. Mwaga maji ya ndoo yake kila siku, wala usiyanywe. Umeme ukikatika, hukauki kitu.

Neno moja zaidi, nalo ni kubwa kuliko yote. Usiwashe mbabula chumbani ili kukausha kuta au kupata joto, kisha ukafunga mlango na kulala. Makala hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Huua jamaa nzima usingizini. Afadhali ukuta wenye madoa kuliko nyumba yenye msiba.

Tena, mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, usiseme, “Ni unyevu tu.” Mlete hospitalini apimwe kifua kikuu.