Kabla hamjaukata huo mwembe, chukueni vikonyo



Siku hizi kiwanja kikianza kujengwa, cha kwanza kuondoka ni mti. Fundi anataka nafasi ya mchanga na tofali, basi mwembe uliolisha ukoo mzima unageuka mkaa. Mwaka unaofuata watu wanaulizana: hivi zile embe za kwa bibi tutazipata wapi tena?

Zingepatikana, tena bure, kama kuna mtu angekata vijiti vichache kabla ya shoka. Vijiti hivyo vinaitwa vikonyo, na kazi ya kuviunganisha kwenye mche mwingine ndo kubebesha.

Kwa nini usipande mbegu tu? Kokwa ya parachichi inatoa mtoto mwenye damu ya baba na mama, kwa hiyo tunda linaweza kutoka dogo au la majimaji. Zipo embe ambazo kokwa moja hutoa miche kadhaa na mingi hufanana na mama, ila utasubiri miaka 6 au zaidi. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa kwenye miaka 3 hadi 4. Kikonyo ni mti ule ule wa bibi, umehamia kwenye mizizi mingine.

Cheki parachichi za Hass zinazolimwa Njombe na Rungwe. Zote, na za dunia nzima, asili yake ni mti mmoja uliootea kwenye kiwanja cha Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, miaka ya 1920. Mwaka 1935 alipata hataza, lakini watu walinunua mche mmoja kisha wakabebesha shamba zima, hivyo hela aliyopata ilikuwa kiduchu. Hataza ilikwisha muda zamani. Mti wenyewe ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi mwaka 2002, ila parachichi yake bado tunaila. Mwembe wenu ukikatwa bila kuacha kikonyo, ndo basi tena.

Sasa twende kazini:

1. Chagua mti wenye afya ambao matunda yake umeyaonja. Tafuta tawi changa lililokomaa, unene wa penseli, lisilo na maua.

2. Kwa embe, kata majani ya ncha ya tawi siku 7 hadi 10 kabla, uache vikonyo vya majani tu. Macho yatavimba. Yakishavimba, kata kijiti cha sentimita 10 hadi 15.

3. Funga vijiti kwenye gazeti lenye unyevu, tia ndani ya nailoni, weka kivulini. Andika jina la aina na tarehe. Bebesha siku hiyo hiyo ukiweza, usizidishe siku chache.

4. Mche wa chini uwe wa jamii moja: embe kwa embe, parachichi kwa parachichi. Ukate juu, upasue katikati sentimita 3 hivi. Chonga kikonyo kama kabari, kichomeke. Utando wa kijani chini ya gome la kikonyo ugusane na ule wa mche, walau upande mmoja. Hapo ndo siri yote ilipo.

5. Kaza kwa utepe wa nailoni, funika kikonyo kwa kifuko cha nailoni angavu, weka kivulini. Baada ya wiki 3 au 4 macho yakichipua, toa kifuko. Machipukizi yote yanayotokea chini ya kiungo yang'oe, la sivyo mche wa chini utarudi kutawala.

Bebesha miche mitano kwa mpigo, maana mkono mgeni hupoteza mingi mwanzoni. Kisu kiwe kikali, na kisafishwe kwa spiriti kila unapohama mti.

Lakini wadau, tusidanganyane. Kikonyo kinabeba utamu na ugonjwa vilevile. Hapo machungwa, malimau na machenza ndo yana kesi. Kuna ugonjwa wa kijani wa michungwa, upo Kenya na Tanzania, unaosambazwa na vidudu vidogo vinavyofyonza majani machanga na pia kwa kubebesha. Majani hupata mabaka ya njano, tunda linabaki dogo, limepinda, chungu, na upande mmoja haliivi. Dawa ya kuuponya haipo. Baya zaidi, mti unaweza kuwa nao kabla dalili hazijaonekana. Mshkaji anakupa zawadi kwa moyo safi, kumbe anaua michungwa ya mtaa mzima. Kwa hiyo vikonyo vya machungwa tusigawane mikononi. Nunua mche kwenye kitalu kinachokaguliwa. Na usivushe vikonyo vyovyote mpakani bila cheti cha afya ya mimea.

Kwa embe na parachichi, omba kwa adabu, usikate usiku. Mwenye mti mwachie mche mmoja kati ya uliofanikiwa. Akiupoteza wake siku moja, atajua pa kuja kuchukua.

Haya, mtaani kwenu kuna mti gani ambao mkiukata mtaujutia? Utajeni hapo chini, na sema embe au parachichi yake ina sifa gani. Huenda jirani anautafuta.