Korosho Ghafi na Korosho za Kukaanga: Zana za Kubadili Gemu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita niliishia njia panda ya Mingoyo, pale mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapoachana, haya yakishika Mtwara na yale Masasi. Nilikuwa nimekaa benchi moja na kijana anayeendesha basi ndani ya simu. Gemu yake ni Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya hukohuko Indonesia. Basi lake, hata hivyo, lilikuwa la kwetu: rangi, maandishi ya ubavuni, hadi kibao cha safari, vyote vya basi lililokuwa likipakia abiria mbele yetu. Vazi hilo la basi vijana huliita skini.

Skini ni picha tu. Basi zima limefumuliwa na kutandazwa kama gunia lililokatwa nyuzi: ubavu huku, paa kule, mlango pembeni. Unapaka rangi, gemu inalivika basi. Anayetaka kubadili umbo lenyewe la basi anahitaji modi, na modi haitengenezwi kwa kupaka rangi. Inataka zana, na zana nayo ina mtu aliyekesha akiiandika. Huyo ndiye wa kuzungumzwa leo.

Programu huandikwa kwanza kwa maneno na alama ambazo aliyejifunza anaweza kuzisoma. Huo ndio msimbo chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzielewa na wewe huambulii kitu. Kwa mtu wa Lindi sina haja ya mifano ya mbali: msimbo chanzo ni korosho ghafi, programu uliyoipakua ni korosho iliyobanguliwa na kukaangwa. Ya kukaanga ni tamu, tena haikuunguzi vidole kwa mafuta ya ganda. Lakini ifukie shambani uone kama itaota. (Najua, kuuza ghafi ndicho kilio cha wakulima wetu miaka nenda rudi. Kwenye kompyuta mambo yamegeuka: anayekupa ghafi ndiye aliyekupa zaidi.)

Tazama gemu ya Doom, ya kampuni ya id Software ya Marekani, iliyotoka Desemba 1993. John Carmack, mwandishi mkuu wa programu yake, alitenga ramani, picha na sauti katika faili lake, mbali na injini, yaani programu inayoiendesha gemu, ili wachezaji waweze kuzibadili. Mlango ulikuwa wazi, zana hakuna. Mwezi uliofuata tu, Januari 1994, Brendon Wyber wa New Zealand akatoa DEU, programu ya kuchorea ramani za Doom, na Raphaël Quinet wa Ubelgiji akashika naye jembe. Waligawa programu pamoja na msimbo wake. Wengine wakauchukua, na humo zikazaliwa WinDEU na DETH.

Desemba 1997 id wenyewe wakatoa msimbo wa injini ya Doom, lakini wa toleo la Linux. Toleo la DOS, lile walilolizoea wachezaji wengi, lilitumia maktaba ya sauti iliyokuwa mali ya mtu mwingine, na cha mtu huwezi kukigawa kama chako. Mwaka 1999 msimbo huo ukawekwa chini ya leseni ya GPL, yenye sharti moja zito: ukiubadili na kuwagawia watu programu uliyoitengeneza, wape na msimbo wake pia.

Leseni hiyohiyo ilionyesha kazi yake kwa Doom Builder, zana ya Mholanzi Pascal van der Heiden iliyotoka mwaka 2003, na toleo la pili mwaka 2009. Mwenyewe alipoiacha, wengine waliuchukua msimbo wakatengeneza GZDoom Builder. Nao walipochoka, wengine tena wakaendelea hadi Ultimate Doom Builder ya sasa. Ni mambo ya miche ya mikorosho ya kubebesha ya kituo cha utafiti cha Naliendele: kikonyo hukatwa kwenye mti mzee, na mti ukija kufa matunda yake yanaendelea kuliwa kwingine.

Hapa nchini tumelionja hilo, ingawa si kwenye gemu. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Modi nyingi za mabasi zinazozunguka katika simu za vijana, kinyume chake, zimefungwa. Siwalaumu sana watengenezaji. Kazi ya wiki tatu huibwa kwa dakika tatu, na jina la mwenyewe hufutwa. Ila akipoteza simu au akichoka, modi imekwisha.

Nilimwomba yule kijana anionyeshe ile picha iliyotandazwa. Kiolezo hakukichora yeye, alirushiwa na mwenzake. Kwenye kona palikuwa na kivuli cha maandishi chini ya rangi nyekundu.

“Hili ni jina la nani?”

“La aliyekitengeneza, mwalimu. Lilikuwa linatokea mlangoni, linaharibu basi.”

Nilinyamaza. Akakuna kichwa, akalikuza kwa vidole viwili, akalisogeza taratibu hadi nyuma ya basi, juu kidogo ya namba ya usajili. Konda wa basi la kweli akapiga bodi. Masasi hao.

Itaendelea.